Samaki wa Mti

Wa kwanza nilimchonga kwa tendegu
la kitanda alichozalia bibi watoto saba:
mti mzito, mwekundu, ukiukata wanuka pilipili manga.
Siku mbili nikampiga msasa, nikampaka vanishi,
nikamtia kwenye karai la maji uani.
Akaenda chini moja kwa moja
kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Wewe wajua vitanda," akasema kaka yangu Shekue.
"Samaki huwajui."
Kweli. Karakana yetu hapa Kibokoni ni ya vitanda,
makabati, na ile milango ya nakshi
ambayo mteja huulizia bei,
kisha huulizia maji ya kunywa.

Wa pili nikamchonga kwa msufi.
Akaelea chali, tumbo juu.
"Huyu kashakufa. Nani atamla?"

Nikamtoboa tumbo kwa keekee,
nikayeyusha risasi ndani ya kopo la maziwa,
tone moja, nusu tone,
Bi Maryamu wa ghorofani akafunga dirisha kwa kishindo
na siku tatu hakuniitikia salamu.

Wa tano. Wa sita. Wa saba nilimkanyaga.

Wa tisa alikuwa mzuri, sitaficha.
Magamba niliyapulizia rangi
kupitia kipande cha chandarua kilichochakaa,
jicho nikamtilia kichwa cha msumari,
na karaini alikwenda wima, sawa,
kama mtoto anayepelekwa kupigwa picha.

Akamchukua Bwana Famau, fundi mitambo wa feri,
mstaafu, mtu wa kurusha mshipi miambani
chini ya Mama Ngina kabla jua halijapata nguvu.
Anamtaka mzia. Hataki mwingine.
Ukimtajia changu anakutazama
kana kwamba umemtukania mkwewe.

Wiki ya pili akamrudisha. Hana hata mkwaruzo.
"Mzuri mno," akasema.
"Mzia alimjia mpaka hapa, karibu na kiatu changu,
akamtazama, akapita zake,
kama mtu apitaye mbele ya duka la dhahabu.
Binti, mzia hamfuati mzima.
Humfuata anayeumwa."

Akaenda. Nikabaki na samaki wangu asiye na kasoro.

Gundi ilikuwa uani. Nikainuka kuifuata.
Mguu wangu wa kushoto ulibaki nyuma
tangu ile homa nikiwa na miaka minne;
kishindo, kimya, kishindo.
Shekue hunijua kwa sauti hiyo kabla sijafika mlangoni.
Shuleni walikuwa na jina la mwendo huo.
Silitii humu.

Katikati ya ua nikasimama.

Nikarudi bila gundi.
Nikachukua kisu, ubavu wa kushoto nikaupunguza,
unene wa ukucha, si zaidi.
Ule mdomo wa bati nikaupinda kidogo.
Karai. Uzi. Nikavuta.
Akaenda, akaenda, akajikwaa,
akajizoa, akaenda.

Shekue aliacha randa juu ya ubao.
Hakusema kitu, nami sikumgeukia.

Ijumaa Bwana Famau aliingia na shati limeloa,
mkononi kichwa cha mzia kwenye mfuko wa unga
("kingine nimegawa, hiki ni chako")
na samaki wangu wa mti, mbavu zimechanwa,
msufi mweupe watoka chini ya rangi,
alama za meno mistari miwili,
mmoja umefika kwenye risasi.
Nilivipitishia kidole vile vishimo
kwa muda ambao mgeni angeuona mrefu.

"Nataka kumi. Kama huyu huyu."
"Kama huyu sina kipimo chake," nikasema.
"Pima unavyojua."

Rangi ya fedha ilikuwa imekwisha.
Nikashika njia ya Biashara kwa miguu, mchana ule wa jua kali,
nikijisikiliza.
Nilipofika kaunta nikakumbuka
pesa nimeziacha kwenye benchi.
Nikarudi. Na kurudi pia
nikajisikiliza.